MAVUNO YASIYOPANDWA NA MTU

Hotuba juu ya samaki wa Ziwa Kitangiri, iliyosomwa mbele ya Wajumbe katika Mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Wenzetu waliotutangulia wamesema vema juu ya alizeti, dengu, choroko na vitunguu. Wamesema juu ya bei, na mizani, na stakabadhi za ghala. Sisi tulio katika Kamati ya vyama vya kando ya ziwa twaja na jambo lisilopata kuandikwa katika vitabu vya ghala letu hata mara moja, nalo ni samaki. Twajua kwamba wamo humu ukumbini waliokwisha kuulizana tangu walipoiona ratiba: chama cha wakulima kina shauri gani na samaki? Swali hilo ni la haki, na tutalijibu kwanza kabla ya kuendelea.

Jibu la kwanza limo katika sahani. Mkoa wetu ni mkavu. Mvua ni ya msimu mmoja, na ugali wetu wa uwele na mtama hutafuta kitoweo mahali pengi. Mlenda upo, maziwa yapo, na kuku wa Singida asifiwa hata Dar es Salaam. Lakini kuku wa kuuzwa si kuku wa kuliwa, kama kila mama aliyemo humu ajuavyo. Mtu mwenye shilingi chache hununua fungu la samaki wakavu au kipimo cha dagaa, na watoto wake hulala wamekula chakula kijengacho mwili. Jibu la pili ni kwamba mvuvi wa Kitangiri si kabila jingine la watu. Ni mkulima mwenzetu ambaye jembe lake limekauka. Wakati wa kiangazi ashika wavu. Mvua ikinyesha yumo shambani. Na jina lake limo katika daftari la chama cha msingi pamoja na majina yetu. Jibu la tatu ni zito zaidi: udongo uchukuliwao na maji kutoka katika mashamba yetu yasiyo na matuta, huko juu Iramba, hauendi mahali pengine ila ziwani.

Basi na tulitazame ziwa lenyewe, maana wajumbe wengi wametoka Manyoni, Ikungi na Itigi, wala hawajapata kulitia machoni.

Ukitoka Singida kwa njia ya Nzega, ukateremka mlima wa Sekenke mpaka Shelui, umeingia katika bonde kubwa la Wembere, ambalo ni mkono mmoja wa Bonde la Ufa. Maji ya Wembere na ya Manonga hukusanyika humo, na Kitangiri ndiyo bakuli lake. Kutoka Kitangiri maji yaliyozidi hutoka kwa mto Sibiti, yakaenda mpaka Ziwa Eyasi, na huko safari yake yakoma. Hayaendi bahari yo yote. Ziwa hili ni pana lakini si la kina. Kiangazi hurudi nyuma likaacha tope lililopasuka, na mvua zikija hulipanda tena bonde na kufunika majani. Yampasa mjumbe aliweke jambo hili moyoni, kwa kuwa maisha yote ya samaki tutakaowasema yafuata kule kutoka na kuingia kwa maji.

Samaki wakubwa wa biashara ni wawili, perege na kambare. Perege wa asili wa maji haya ni yule ambaye wataalamu walimwandika mwaka 1905, apatikanaye katika maziwa ya Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida, wala hana makao ya asili nje ya maziwa ya namna hii ya Tanzania. Aweza kustahimili maji yenye magadi ambayo samaki wengine wangekufa ndani yake. Siku hizi huchanganyika na perege wa kigeni walioletwa na watu kutoka maji mengine, lakini desturi zao ni za jamaa moja. Dume huchimba kiota chini, mahali pa maji mafupi. Jike hutaga, kisha huyachukua mayai yote kinywani mwake, akakaa nayo humo kwa majuma mawili au karibu na hapo, mpaka vifaranga waweze kuogelea. Na muda huo hali, au hula kidogo tu. Mayai yenyewe si maelfu kwa maelfu; ni mamia. Basi mvuvi amtoaye jike mmoja wakati huo, akamtupa mtumbwini, huona samaki mmoja. Lakini amevua ukoo mzima, na vile vifaranga humwagika kinywani pa mama yao wakafa juu ya mbao. Wanachama wetu wa kando ya ziwa wamekwisha kuliona hili mara nyingi, ijapokuwa si wote waliojua maana yake.

Kambare ni mtu wa namna nyingine. Yeye avuta hewa kama sisi, kwa kiungo kilichoko karibu na matamvua yake, na kwa hiyo aweza kuishi katika tope ambalo perege hawezi. Mvua za kwanza zikijaza vijito, kambare hutoka ziwani kwa makundi, hupanda maji mapya mpaka katika majani yaliyofurika, na huko hutaga usiku. Safari hiyo ndiyo hatari yake. Watu huziba mlango wa kijito kwa migono na nyavu, wakamkamata akipanda, kabla hajataga. Ni kazi rahisi, hata mtoto aweza kuifanya, na samaki wa siku hizo wamejaa mayai na ni wanono. Hapana mtu apendaye kuambiwa aache.

Wenzetu wa Tulya na vijiji jirani watuambia kwamba samaki wa leo si samaki wa baba zao. Perege ni wadogo, na mtumbwi hurudi na mzigo uleule kwa nyavu nyingi zaidi. Macho ya nyavu yamepungua mwaka hata mwaka. Kokoro lavutwa ufukoni usiku, likasomba mayai, viota na vifaranga pamoja. Na zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zikipotea majini, haziozi, bali huendelea kuua bila mwenyewe. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zakataza mengi ya mambo haya. Lakini ofisa mmoja mwenye pikipiki moja hawezi kulala katika kila kijito cha Wembere, wala si haki kumtaka afanye hivyo.

Mtu akisema ziwa ni kubwa, samaki hawawezi kwisha, twamwomba atazame Ziwa Victoria, lililo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Samaki aliyependwa kuliko wote huko alikuwa ngege. Mwaka 1905 nyavu za kisasa za kutega zililetwa upande wa Kavirondo, na kwa muda mfupi faida ilikuwa ya ajabu. Miaka 20 hivi baadaye samaki walikuwa wamepungua sana, hata ikalazimu mtaalamu Michael Graham kutumwa mwaka 1927 kulichunguza ziwa. Shauri lake lilikuwa fupi: macho ya wavu yasipungue inchi 5. Lilikubaliwa, likawa kanuni. Lakini katika miaka ya 1950, kwa kuwa kanuni ilikuwa ngumu kusimamia, iliondolewa upande wa Tanganyika na Uganda. Wavuvi wakashuka wakatumia macho madogo, kisha madogo zaidi, na ngege akaporomoka. Twasisitiza jambo hili kwa sababu watu hupenda kumtwika sangara lawama yote. Sangara aliletwa miaka hiyo ya 1950 na 1960, na hasara aliyoifanya ni kubwa, hatukatai. Lakini ngege alikuwa amekwisha kuvunjwa mgongo na nyavu kabla sangara hajaenea.

Hiyo ni habari ya kuvunja moyo. Ipo nyingine ya kutia moyo, nayo yatoka mbali sana, lakini twaileta kwa kuwa wenye kutenda ndani yake walikuwa wavuvi wenyewe.

Katika bahari za baridi za kaskazini yuko samaki bapa aitwaye halibati. Jamaa zake wadogo wako katika pwani yetu, na watu wa Pwani huwaita gayogayo. Halibati huzaliwa akiogelea wima kama samaki wengine, jicho moja kila upande. Kisha, angali mdogo, jicho moja huhama likavuka kichwa na kukaa karibu na la pili, naye akalala ubavu juu ya mchanga maisha yake yote. Huyu si samaki wa kiganjani. Aweza kupita kilo 200, uzito wa magunia mawili ya mahindi. Nyama yake ni nyeupe na ngumu, yasafiri vizuri, na miji mikubwa yaipenda. Jike wa Bahari ya Pasifiki hutaga mayai kwa mamilioni. Lakini huchukua miaka 12 hivi kabla hajaanza kutaga. Twawaomba wajumbe walinganishe: perege wetu ana mamia ya mayai na hukomaa upesi; halibati ana mamilioni na hukomaa polepole; na wote wawili waweza kumalizwa, kila mmoja kwa njia yake.

Wavuvi wa Marekani, wa upande wa Boston, walimvua halibati wa Atlantiki katika karne ya 19 mpaka akawa adimu, kutoka fungu moja la bahari hata jingine. Reli ilipofika pwani ya Pasifiki walimfuata nduguye wa huko, na mwaka 1888 samaki wa kwanza walipakiwa katika treni kwenda Boston. Haikupita miaka 30, na huko nako meli zilikuwa zikienda mbali zaidi kwa mzigo mdogo zaidi. Hapo wavuvi na wafanya biashara wenyewe ndio waliozisihi serikali zao ziifunge bahari wakati wa baridi, samaki wanapotaga. Sababu zao hazikuwa zote za huruma kwa samaki. Wakati wa baridi bahari ile huua watu, na maghala ya barafu yalikuwa yamejaa. Si neno. Nia iliyochanganyika yaweza kuzaa jambo jema. Lakini maji yale yalikuwa ya nchi mbili, na nchi moja isingeweza kufunga huku ya pili ikivua. Basi mwaka 1923 Marekani na Kanada zilitia sahihi mapatano, wakafunga miezi mitatu, na kuunda tume ya kumchunguza samaki huyo. Kisha ilionekana kwamba kufunga miezi mitatu hakutoshi, maana watu walivua kwa nguvu zaidi katika miezi tisa iliyobaki. Mwaka 1930 mapatano yalipanuliwa, na tume ikapewa uwezo wa kuweka kipimo cha samaki watakaovuliwa kila mwaka. Baada ya hapo samaki walianza kuongezeka tena. Tume hiyo ilitimiza miaka 100 mwaka 2023, na halibati bado avuliwa, ijapokuwa hukumbwa na miaka mibaya kama mazao yote.

Twaongeza neno moja ambalo wanaushirika watalipenda. Mwaka 1944 wavuvi wa samaki huyo walianzisha chama chao cha ushirika, Halibut Producers Cooperative, ili wauze pamoja maini ya samaki, yaliyokuwa yakitafutwa kwa vitamini A. Chama hicho kingaliko hata leo, kwa jina jipya, nacho ni mali ya wavuvi wenyewe.

Na kwa karibu zaidi: mwaka 2024 nchi nne zenye Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zililipumzisha ziwa hilo kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hata 15 Agosti. Kwa hiyo jambo tunalolisema si la Wazungu peke yao.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, twafika penye fundo. Kama kufunga ziwa kungekuwa rahisi, lingekwisha kufungwa. Samaki wa Kitangiri huzaa zaidi wakati gani? Wakati wa mvua, maji yapandapo majani. Na ghala la mkulima wa Iramba huwa tupu wakati gani? Wakati huohuo wa mvua, tangu Desemba hata Machi, shamba likiwa kijani na chungu kikiwa kikavu. Mtu anapalilia kwa njaa. Kumwambia mtu huyo asiweke mgono katika kijito kilichopita mlangoni pake, na kambare mnono akipanda, ni kumwambia aangalie watoto wake wakilia ili samaki wapate watoto. Mzee mmoja wa kando ya ziwa alitwambia katika kikao: "Nileteeni mtama, nami nitawaachia kambare wenu." Baadhi ya watu walicheka. Sisi tuliliandika neno lile, na hoja yetu yote imejengwa juu yake.

Hoja ni hii. Chama Kikuu kitenge sehemu ya mtama na uwele ununuliwao wakati wa mavuno, wakati bei iko chini, ihifadhiwe katika ghala zetu. Mvua zikianza, nafaka hiyo ikopeshwe kwa wanachama wa vyama vya msingi vya kando ya ziwa ambao wameweka nyavu na migono yao chini ya lakiri, katika stoo ya chama, kwa miezi miwili ya kuzaa. Deni lilipwe kwa samaki au kwa fedha wakati wa kiangazi, ziwa likiwa limefunguliwa. Yaani ghala lilinde ziwa, na ziwa lilipe ghala. Pamoja na hayo, chama kisipokee wala kukaushia samaki walio chini ya kipimo kitakachowekwa na Ofisa wa Uvuvi. Maana wavuvi wa halibati wametufundisha kwamba kufunga msimu peke yake ni nusu ya kazi. Na kokoro, hilo hatuliwekei miezi. Likomeshwe mwaka mzima.

Tumesikia mashaka manne, na haifai kuyaficha. La kwanza, kwamba mkopaji atakula mtama na usiku atavua. Atakayefanya hivyo atajulikana, maana kijiji hakina siri ya samaki. Harufu yake hupita ukuta. Vikundi vya ulinzi wa ziwa vipo kwa sheria, na mkopo upitie kwa dhamana ya watu kumi kumi, mmoja akivunja wote wakose mwaka wa pili. La pili ni kwamba wenzetu wa ng'ambo, upande wa Shinyanga na Simiyu, watavua sisi tukiwa tumelala. Shaka hili ni la kweli, na ndilo lililotufanya tuieleze habari ya mapatano ya mwaka 1923 kwa urefu. Twaomba Bodi iwaandikie vyama vya ushirika vya upande wa pili pamoja na wakuu wa wilaya, kabla hata gunia moja halijatolewa. Wasipokubali, sisi wa Kamati hatutaki hoja iendelee.

La tatu lilisemwa na mjumbe wa vitunguu: kwa nini tusichimbe mabwawa tukafuga? Tuchimbe, penye maji. Lakini bwawa lataka mtaji, chakula cha samaki na maji ya mwaka mzima, na vijiji vyetu vingi havina hata maji ya ng'ombe mwezi wa Oktoba. Samaki wa ziwa hajatutoza chakula wala mshahara wa mlinzi. Ni mavuno yasiyopandwa na mtu, na kwa sababu hiyohiyo hapana aliyeona haja ya kuweka mbegu. La nne ni juu ya hasara: mwaka wa ukame ziwa likirudi nyuma sana, nani atalipa deni? Hapa hatuna jibu jepesi. Twapendekeza mfuko wa akiba, utokao katika ushuru mdogo wa samaki wote wapitao katika mizani ya chama. Na mwaka wa kwanza mkopo uwe mdogo, kwa vyama viwili tu, ili kama ni kuumia tuumie kidole, si mkono.

Juu ya biashara yenyewe tutasema kwa kifupi. Samaki wetu huuzwa kwa fungu na kwa macho, na mchuuzi mwenye haraka ndiye apangaye bei, kwa kuwa perege hangoji. Jua la Wembere humharibu kabla ya adhuhuri. Mizani, chanja za kukaushia zilizoinuliwa juu ya mchanga, na tanuri za kubanika zinazotumia kuni chache zingemwezesha mvuvi kungoja siku mbili tatu na kusema bei yake. Tena samaki wakaangwao kwa mafuta yetu wenyewe ya alizeti hukaa zaidi na hupendwa mjini; sioni aibu, asema mama mmoja wa kamati yetu, kuuza mafuta na samaki katika karai moja. Na wakulima wa juu, tafadhali, limeni kwa kukinga mteremko, mkaache majani kando ya vijito. Udongo mnaoupoteza hauwafai ninyi, wala haumfai perege achimbaye kiota.

Maneno kamili ya hoja yamepigwa chapa, nayo yako mezani kwa Katibu pamoja na makisio ya magunia. Kila chama cha msingi chachukua nakala moja. Wajumbe wa Tulya wamekuja na nyavu za aina tatu, zimetundikwa nje chini ya mwembe. Twawaomba wajumbe, kabla ya kura ya saa tisa, wapite wakatie vidole vyao katika macho ya nyavu zile, wajionee wenyewe samaki wa kadiri gani awezaye kupita.